Kugombana na Kubaki

Kolwezi, Jumapili, baada ya chakula

Kapinga, mwanangu, mama yangu,

Mlango wa nje umefungwa sasa hivi. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga watu wa kanisa, na watu wa kanisa hawajui kuaga kwa haraka, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Kesho lundi, Jumatatu asubuhi, lile lori lililoleta mahindi linarudi tupu Lubudi, unakohamia kulima, nawe utakuwa juu yake pamoja na godoro, sufuria, na mifuko ya mbegu ambayo hutaki mtu mwingine aiguse.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kuficha simu njiani. Mama yako amekwisha kuyasema yote, na akirudi atayasema tena. Nakuandikia kwa sababu ya Alhamisi. Tulikuwa mezani, ugali wetu, bukari, ukitoa moshi, ukaweka tonge lako pembeni ya sahani.

"Tata," ukasema, "mi naenda lundi. Naomba unibariki. Haiko na pemba ya nkambo, apana. Uombe na kinywa yako mwenyewe."

Bibi yako alikuwa amekwisha kutayarisha pemba yake, ule udongo mweupe ambao kwetu Kasai humpaka msafiri usoni kwa baraka, na akakutazama kama mtu aliyeibiwa. Mimi nikajibu kabla sijamaliza kutafuna: "Mi siwezi kuombea muntu mwenye anarudisha jamaa nyuma."

Mama yako akaacha kula. Wewe ukalichukua tonge, ukalichovya kwenye sombe ya majani ya mhogo, ukasema, "Mi niko nangoya tu, Tata. Mpaka lundi, siku ingali."

Tangu hapo unangoja. Hujanuna, hujafunga mlango kwa kishindo, hujamtuma shangazi aje kunisihi. Unanipa chai asubuhi na kuniuliza nimesoma nini. Watu wanaonuna nawajua, nimeishi kati yao, nina dawa yao. Mtu anayegombana nami kisha ananimiminia chai, huyo amenishinda maarifa.

Basi ngoja nikueleze kwa nini nilikataa, maana hata jibu baya lina mahali lilikotoka.

Umekulia chini ya meza yangu, kati ya magazeti na vitabu vya watu waliokufa zamani, ambao bado nagombana nao kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kurasa. Umenisikia redioni nikiwachambua wakubwa wa migodi, na waheshimiwa wanaotukumbuka wakati wa kura, na wachungaji wanaouza mafuta ya muujiza kwenye chupa za dawa ya kikohozi. Sijutii hata neno moja. Wengine wao nimewasamehe kupita kiasi. Lakini katika vita vyote hivyo nilikuwa na mahali pamoja pa kusimama, ambapo sikuwahi kupachunguza: niliamini kwamba sisi watu wa kambi ya mgodi tulikuwa mbele, na mtu wa jembe yuko nyuma.

Babu yangu aliletwa huku kwa gari la moshi kutoka Kasai, achimbe shaba. Alipewa nyumba yenye namba, mgao wa unga, tiketi ya zahanati, na king'ora cha kumwamsha. Baba yangu alirithi king'ora hicho, nami nikakirithi. Siyadharau maisha yale. Nilijifunza kusoma ndani yake, na mkate wa kampuni ulikuwa mtamu. Ila tulijifunza na jambo jingine. Tusi kubwa kambini halikuwa mwizi wala mlevi. Lilikuwa "weye muntu wa mu pori". Tuliwacheka watoto waliotoka mashambani wakiwa wamebeba viatu mkononi visichakae. Tuliliona jembe kuwa adhabu ya mtu asiyesoma. Hapa kwetu hata mashimo ya shaba yanaitwa Mashamba, na hakuna aliyeona ajabu.

Halafu mishahara ikakatika. Uliniuliza siku moja uhuru ni nini, nikakupa vitabu. Ningekupeleka dirishani ukatazame mtaa wetu wa siku zile. Wanaume wenye vyeti, wenye lugha mbili tatu, wanaoweza kukueleza umeme unavyoyeyusha madini, wamesimama milangoni asubuhi wakisubiri king'ora kisicholia, na hakuna mmoja kati yao anayejua kijiti cha mhogo hupandwa upande gani ukiwa juu. Hao ndio watu walioitwa wameendelea. Mimi nilikuwa mbele yao wote, nikiwahutubia.

Ndipo ikaja hadithi ya uwanja. Unaijua, maana kwetu ni kichekesho cha kila Noeli, lakini wewe umeijua kama kichekesho tu.

Nami nilipoamua kulima, wenye ardhi walinionyesha kipande kando ya kijito. Udongo mweusi, miti imesongamana. Nikahesabu visiki vya kung'oa nikachoka kabla ya kushika shoka. Tukiwa njiani kurudi nikaona kilimani uwanja mpana, safi, majani mafupi, maua ya zambarau, bila mti hata mmoja. Kila mtoto wa Kolwezi anayajua maua yale na anajua kilicho chini yake. Ni shaba. Shaba ikijaa kwenye udongo, mti hauoti. Nililijua hilo, na mama yako alilijua.

"Tata Kapinga," akaniambia, "hapa muti haioti. Mahindi njo itaota?"

"Muti haikusoma, mama," nikamjibu. "Mi nilisoma."

Unakumbuka yaliyofuata, ingawa ulikuwa mdogo. Nilitundika kipande cha reli kwenye nguzo nikawa nakigonga, watu waingie kazini na watoke. Niligawa ndugu zetu kwa zamu, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, kama shimoni. Nilitembea kati ya mistari ya mahindi nimevaa kofia ya mgodi, mikono nyuma. Mjomba wako Tshibangu akaniongozea mgomo, mimi, mtu wa sendika, chama cha wafanyakazi! Alikaa katikati ya shamba chini ya mwavuli akasema hainuki mpaka aletewe mkate na kopo la maziwa.

"Shemeji, hii ni shamba ama ni kampuni?" akapiga kelele. "Kama ni kampuni, lipa. Kama ni shamba, toa ile kofia!"

Mahindi yalifika magotini, yakageuka manjano, yakasimama palepale. Wewe ukauliza kama yana homa.

Hapo ndipo sisi hucheka na kuishia. Lakini mimi nimeufikiria uwanja ule mwaka huu kuliko wakati mwingine wowote. Sikuuchagua kwa uvivu wa shoka peke yake. Niliuchagua kwa sababu ulinipa njia mbili. Mahindi yakikubali, mimi ni mkulima. Yakikataa, chini kuna shaba. Niliwatangazia watu kwamba huo ndio werevu. Wachimbaji walipokuja na sururu zao niliwaambia hapa ni shamba. Wakwe walipokuja kuomba mahindi niliwaambia hapa ni mgodi. Mwishowe akaja mchungaji mmoja, akasema ameonyeshwa katika ndoto utajiri uliofichwa kwa ajili yetu, naye aje apake mafuta mahali pa kuchimba ili tugawane baraka. Nilimfukuza kwa jembe mpaka barabarani. Ndiyo siku pekee jembe lile lilifanya kazi ya maana.

Kisha nikauacha uwanja. Nikarudi mjini nikaandika makala ndefu juu ya makosa ya siasa ya kilimo.

Unaona mwendo wangu, Kapinga? Niligombana na padri wetu kwa sababu aliwahubiria subira watu waliokuwa hawajalipwa, nikasimama katikati ya misa nikatoka kwa mlango mkubwa, watu wote wakinitazama, na sijarudi. Kuhusu lile hubiri nilikuwa na haki na bado ninayo. Niligombana na wenzangu wa sendika nikatoka. Niligombana na gazeti nikatoka. Kila mlango niliotokea niliuita uhuru, na kila mara nilikuwa na makala tayari mfukoni ya kuthibitisha. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu huru namna hii hana hata chumba kimoja ambamo amebaki, ila hiki cha mama yako, na hiki nacho ni kwa sababu yeye hukataa kugombana kabla ya saa ya chai.

Sasa nifike Lubudi, kwa maana huko ndiko nilikoshindwa.

Mwaka jana, ulipokuwa huko kwa mama mkubwa kujaribu msimu wa kwanza, ulijua kwamba nakuja kukurudisha. Sikuja kukusalimu. Njia nzima, nikiwa kati ya magunia ya chumvi na mbuzi wa mtu, nilikuwa napanga hoja. Ile kuu ilikuwa nzuri sana, niliipenda: una shahada, mgodi unakuita, dunia yote iko wazi mbele yako, nawe kwa hiari yako unachagua utumwa wa zamani kuliko wote, ule wa mtu kungoja wingu.

Nilifika nikaambiwa uko kanisani. Kanisa lenu dogo la matofali, bati limeshuka upande mmoja. Watu walikuwa wameleta mbegu zao kwenye vikapu wameziweka mbele, na Pasta Ilunga, mzee yule wa reli mwenye sauti kama behewa tupu, alikuwa anatangaza kwamba hakuna kupanda mpaka mhubiri mgeni kutoka mjini aje kubariki mbegu, na mgeni amechelewa. Nje udongo ulikuwa umelowa tayari. Nilisimama mlangoni. Nikakuona unainuka.

"Pasta," ukasema, "mvua haingoye mugeni."

"Weye ulifika hapa jana," akakujibu. "Sisi tulipandaka mbele uzaliwe."

"Mulipandaka, ndiyo, Pasta. Na mulivunaka?"

Kanisa lote likasema eee! Mama mmoja akafunika uso kwa kitenge. Pasta akakugeukia.

"Hii kinywa ulipata wapi, Kapinga?"

"Ya Tata yangu. Njo ule ku mulango. Alikuya kunikamata anirudishe."

"Basi akukamate leo leo!" akasema Pasta, na watu wakacheka mpaka vikapu vikatikisika, na Pasta mwenyewe akacheka.

Moyo wangu uliruka, mwanangu. Nilijua kinachofuata, nimekifanya mara nyingi. Utachukua kikapu chako, utapita katikati, utatoka. Hata niliushika mlango uwe wazi kwa ajili yako. Nilikuwa tayari kukubeba begani.

Ukakaa. Ukafungua kitabu cha nyimbo, ukaimba, na huna sauti ya kuimba. Nikabaki nimeshika mlango kama bawabu.

Siku iliyofuata wazee walikutana wakaamua anayetaka apande sehemu ya mbegu zake, sehemu nyingine imngojee mgeni. Hukushinda wewe, hakushinda Pasta. Na kwa kuwa ilikuwa zamu ya watu wote kusaidiana kwenye shamba lako, Pasta alikuja na jembe lake, akashika mstari ulio kando ya wako, na mkaendelea kugombana mkiwa mmeinama, kutoka mwanzo wa shamba mpaka kijitoni, na kurudi. Mama mkubwa alikuwa anawaletea maji na kuamua nani amesema vizuri.

Jioni nilikuuliza, nikiwa bado na hasira kwa niaba yako: "Utabaki mu kanisa ya muntu mwenye alichekesha bantu juu yako?"

"Nitaenda wapi, Tata? Shamba yake iko kando ya yangu. Mvua yake njo mvua yangu."

"Na kama haukubali yenye anasema?"

"Nitamuambia tena kesho."

Nilikuwa na hoja kuu, unakumbuka, ile ya utumwa na wingu. Iliishia palepale. Maisha yangu yote nimejua kusema "hapana". "Nitamuambia tena kesho" sijawahi kusema kwa mtu yeyote, kwa sababu kesho yake nilikuwa sipo.

Nilikaa kwenu kuliko nilivyokusudia. Ulinipa jembe bila kunihurumia. Nililala usingizi ambao sikumbuki niliupata lini tena, mgongo unauma, miguu ina matope, na nje vyura wanabishana. Nililiona shamba lako: umeacha miti mingine pembeni, visiki vingine umevizunguka na maharagwe badala ya kuving'oa. Nikaona unavyosali asubuhi kabla ya kuanza, maneno machache, macho wazi, unatazama mbingu kwa sababu ya Mungu na kwa sababu ya mawingu pia. Sikuona mtumwa. Nilimwona mtu aliyejifunga mahali kwa hiari, na akiwa amefungwa hapo alisema anachotaka kuliko mimi niliyekuwa nimefunguliwa pande zote.

Nilirudi Kolwezi nimefurahi. Hilo sikukuambia. Nimefurahi mwaka mzima, na mwaka mzima nimeendelea kukupinga kwa sababu ya mazoea, kama mbwa anayebwekea lori la jirani analolijua.

Lakini usidhani mzee amelainika. Kijiji si peponi, na yeyote anayesema ni peponi hajakiishi, amekipita kwa gari. Barabara yenu ni aibu ya watu ninaowajua kwa majina. Kina mama wenu wanalima siku nzima halafu wanakula wa mwisho, na mimi nitaandika juu ya jambo hilo hata Pasta Ilunga akinitoa kwenye sala zake. Mtoto akishikwa na homa na mtu akakuambia kwanza tufunge na kuomba, mbebe mtoto umpeleke zahanati, waombe wakiwa wanakufuata. Mvua ikikosekana, usikubali mtu yeyote akuambie ni kosa la mjane fulani. Na siku moja mtu ataokota jiwe la kijani shambani kwako, kwa sababu nchi hii ndivyo ilivyo, na kwa siku moja watakuwa wamejaa watu wanaokuambia unaweza kuwa na vyote viwili, shamba na mgodi. Mimi nimekuwa na vyote viwili. Unaujua mwisho wake.

Hayo nitakuja kuyasema mwenyewe msimu wa mavuno, mbele yenu wote, na kesho yake nitayasema tena.

Jambo moja limenisumbua tangu Alhamisi. Nilisema unairudisha jamaa nyuma. Nimelitafuta neno hilo "nyuma" kwa makini, kama ninavyotafuta neno la adui kwenye makala. Babu alitoka kwake kwa sababu alichukuliwa. Baba alibaki kambini kwa sababu hakuwa na kwingine. Mimi nilitoka kila mahali kwa sababu nilikasirika. Wewe ni wa kwanza kati yetu kwenda mahali kwa sababu amepachagua, na kukusudia kubaki. Kama huko ni nyuma, basi sisi tulikuwa tumegeuza uso.

Wiki hii, mama yako amenikamata bafuni nikisema peke yangu.

"Unasema na nani humo?" akauliza nyuma ya mlango.

"Na Muntu mwenye hatukusemezana tangu nitoke mu misa."

"Anakujibu?"

"Anangoya nimalize."

"Basi atangoya sana," akasema, akaenda zake, nami nikasikia anacheka mpaka jikoni.

Juu ya pemba, shauriana na bibi yako mwenyewe. Vita hiyo siiingii, yeye ananishinda. Lakini kesho, kabla dereva hajawasha gari, utasimama mbele yangu uani. Usipige magoti. Nitaweka mikono yangu juu ya kichwa chako, na nitaomba kwa kinywa changu, kwa sauti, majirani walionisikia miaka yote nikisema kinyume wasikie na hili. Sitafuta hata sentensi moja ya zile nilizoandika. Nakuandikia hapa nitakayoyasema, ili dereva akiniharakisha uyajue hata hivyo:

Mungu, mimi na wewe tuna kesi, na sijaifuta. Nilitoka kwako kwa mlango mkubwa, nikiwa na haki. Leo nimerudi, na haki yangu bado ninayo, na nimeamua kwamba si sababu ya kuondoka tena. Huyu ni Kapinga, mwanangu. Amenipinga, kisha akaningoja. Anakuja kulima mahali ulipo. Mpe mvua kwa wakati wake, mpe jirani wa kubishana naye, na akikukasirikia usimwache aende mbali. Mimi nabaki hapa Kolwezi. Nina mengi ya kukuambia. Nitakuambia tena kesho.

Tata yako